Loga Iliyoandika Joto la Jumanne

Makokha alikuwa mlinzi wa usiku katika zahanati moja karibu na soko la Myanga. Asubuhi akitoka kazini alipitia shambani, akapalilia kidogo, kisha akalala. Mkewe, Dinah, aliuza ndizi sokoni. Walikuwa na mtoto mmoja, Ivy. Walimpeleka chanjo ya surua hapo hapo zahanatini, siku ya kliniki.

Miezi michache baadaye surua iliingia kijijini. Ivy akashikwa, Mungu akamchukua. Watoto wengine waliochanjwa pia waliugua. Watu wakauliza, chanjo gani hii?

Ndani ya friji ya chanjo kulikuwa na loga. Ni kifaa kidogo kinachopima joto na kulihifadhi. Afisa mmoja alikuja kutoka Bungoma, akatazama kioo chake. Kulikuwa na onyo la joto, na saa imeandikwa 02:00.

"Hii ni saa nane usiku," alisema. "Usiku nani huwa hapa?"

Wote waliokuwapo walimtazama Makokha.

"Mimi sijagusa friji," alisema.

"Si unachomoa friji uchajie watu simu?" mtu mmoja akadakia. "Ati pesa ya sukari ya nyumbani itoke wapi?"

Makokha akasimamishwa kazi. Sokoni wateja walimcheka Dinah. "Mama, hizi ndizi zimelala kwa friji ya bwanako?" Dinah aliendelea kupanga ndizi. Jioni alifunga nguo zake kwa leso.

"Kesho narudi kwetu Sirisia," alimwambia mumewe. "Siwezi kulala na mtu aliyeua mtoto wangu."

"Alikuwa wangu pia, Dinah."

Kesho yake asubuhi fundi wa friji za chanjo alifika kutoka Kibomet, Kitale. Aliitwa Hibo. Aliomba mlinzi aitwe. Dinah naye akaja, mzigo mkononi. Alitaka kusikia kwa masikio yake kabla ya kwenda.

Hibo aliunganisha loga na kompyuta yake kwa waya.

"Sista, mara ya mwisho mlisoma hii yote lini?" alimwuliza muuguzi, Sista Wilkista.

"Hatujawahi. Tunatazama kioo tu."

"Kioo ni onyo la mwisho tu, dadangu. Mambo yako ndani." Hibo alichukua trei ya mayai iliyokuwa dirishani. "Ndani kuna nafasi nyingi, moja baada ya nyingine, kama hii trei. Kila saa inapima joto na kuweka namba moja kwa nafasi inayofuata. Trei ikijaa, inarudi nafasi ya kwanza. Inafuta namba ya zamani, inaweka mpya. Wiki moja zaidi, na siku aliyochanjwa Ivy ingefutika."

Alitazama namba, akakunja uso.

"Joto limepanda kila Jumanne. Siku zingine liko sawa. Mlinzi, wewe hulinda Jumanne peke yake?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

"Basi hapa kuna kitu. Loga haiandiki saa kwa kila namba. Ingemaliza nafasi bure. Inaandika mara moja tu, mwanzoni kabisa, saa ya kuanza. Zingine zote zinahesabiwa kutoka hapo. Mwanzo ukikosewa, zote zimekosewa. Sista, nani aliianzisha?"

"Mimi. Ilikuwa asubuhi, saa mbili."

"Ukaandika nini?"

"Si mbili? Ilikuwa saa mbili."

Hibo akashusha pumzi. "Loga haijui saa yetu. Kwake siku inaanza katikati ya usiku. Saa mbili yetu ya asubuhi ni nane kwake. Umeirudisha nyuma saa sita. Hilo joto si la usiku. Linaanza saa mbili asubuhi."

Sista Wilkista alikaa kitini.

"Jumanne ni kliniki," alisema polepole. "Soketi ni moja. Nachomoa friji nichemshe vyombo. Foleni ikiwa ndefu nasahau. Ee Bwana, ni mimi."

Makokha aliegemea ukuta akalia wazi wazi, jinsi ambavyo hakulia hata kaburini kwa Ivy.

Chanjo zile zilitupwa, zikaletwa nyingine. Friji ilipata soketi yake, na juu yake pakaandikwa: USICHOMOE. Hibo alianzisha loga upya kwa saa ya kuhesabu hadi ishirini na nne. Alimfundisha Sista kuhamishia namba kwenye kompyuta kila mwisho wa mwezi, kabla nafasi hazijajaa. Tangu hapo joto la Jumanne ni kama la siku zingine.

Lakini watoto wa zile Jumanne walipaswa kuchanjwa tena, na akina mama hawakuamini zahanati tena.

"Nitazunguka niwaite," Makokha alisema.

"Watakufungia mlango," alisema Dinah, ambaye tayari alikuwa amefungua mzigo wake. "Twende wote."

Kwenye nyumba ya kwanza Dinah ndiye aliyebisha. Mama mmoja akatoka, mtoto mgongoni.

"Mlete Jumanne achanjwe tena," Dinah alimwambia. "Wetu tulichelewa kujua."