Mtumishi wa Mlango wa Bluu

Hafidha alinikuta nimepiga magoti sebuleni kwake, kofia kifuani, makalio yameelekea mlangoni, nikimwamkia mzee asiyekuwepo.

"Shemeji," akauliza, ndoo ya maji ikimdondokea miguuni, "unaabudu nini?"

"Namsalimia baba yako," nikanong'ona. "Punguza sauti."

"Baba yangu yuko Kyaka."

Naomba ieleweke kwamba mimi si mshamba. Nimeendesha lori hadi Lubumbashi, nimelala stendi ya Kigali, na Dubai nilitolewa kwenye duka la manukato kwa kujipulizia kila chupa. Lakini mtu wa Izimbya akisikia kikohozi cha mzee nyuma ya pazia, magoti hukunjika yenyewe. Nilikuwa nimekuja kumjulia hali Najibu, rafiki yangu, mume wa Hafidha. Mvua ya Bukoba ikanisukuma ndani. Mlango wao wa bluu ulikuwa wazi, nyumba kimya, na nyuma ya pazia la chumba cha ndani mtu akakohoa. Kisha sauti nzito, isiyo na haraka, ikauliza, "Nani huyo?"

Nikajieleza kama niko kwenye posa. Avit, wa Izimbya, mwana wa fulani, wa ukoo fulani. "Kamwani, waitu," nikamalizia kwa salamu ya kwetu ya kumwamkia mkubwa.

"Umekuja na nini?"

Mfukoni nilikuwa na kahawa ya kutafuna niliyopewa na mama, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Kwetu mtu anayeheshimiwa hupewa kahawa, na ukishampa umempokea. Huyo si mtu wa kufukuzwa tena. Nikamimina punje kwenye kisahani, nikakisukuma chini ya pazia.

"Nimepokelewa," sauti ikasema.

Sasa Hafidha akalivuta pazia. Ndani mlikuwa na magodoro yaliyogongomewa ukutani kuzuia kelele, kompyuta, kipaza sauti na spika kubwa. Mtu hakuwemo.

"Umemwamkia spika!" Alicheka hadi akatua ndoo. "Umezunguka dunia nzima, mlango wa nyumba yako hata kuupaka rangi umekushinda, leo unampigia magoti spika!"

Nikacheka pia, maana aibu ukiiwahi kwa kicheko huwa haiumi sana. Nikainama kuchukua kisahani. Kahawa ilikuwa imetafunwa. Yalibaki maganda tu, yamelowa mate, yana uvuguvugu.

Kicheko cha Hafidha kilikatika kabla ya changu.

"Avit," mtu akanong'ona nyuma yetu. Alikuwa Najibu, shingo kaifunga skafu, amekonda. "Umempa nini?"

"Kahawa kidogo."

Akafumba macho. Nikaja kujua kwamba maneno yake siku hizo yalikuwa ya kubana matumizi.

Najibu ni mtafsiri wa filamu. Anakaa mbele ya kipaza sauti na kuwasemea wote kwa Kiswahili: shujaa, jambazi, bibi kizee, hata mbwa akitakiwa. Filamu zake huonyeshwa kwenye mabanda ya video kuanzia Rwamishenye hapo hadi Muleba. Watu humpenda kwa sababu hatafsiri tu, anaileta filamu nyumbani. Jambazi wa Hong Kong kwake ni mtu wa Kemondo, na polisi wa Amerika hupoteza gari lao kwenye kona za Kamachumu. Watazamaji hupiga miluzi hadi mabati yatikisike.

Safari hii alikuwa na filamu kubwa ya kundi la mashujaa: mama anayesimamisha mvua, jamaa mwenye mikono ya jiwe, mapacha wanaokimbia kuliko sauti zao. Mashujaa hao wamechoka kupigana kila siku, wakaunda akili mnemba iwasaidie kulinda watu. Ile mashine ikakaa, ikatafakari, ikaona kinachowasumbua watu ni watu wenyewe. Ikaanza kuwapunguza. Kwa Kiingereza ilikuwa na jina refu. Najibu akaiita Mtumishi.

"Kuna mahali," aliniambia, nami nikalazimika kumwekea sikio mdomoni, "Mtumishi anatangaza ataanzia mji gani kuua. Nikatafuta utani. Nikasema, nitaanzia Rwamishenye, nyumba ya Najibu, mlango wa bluu."

"Watu wangecheka sana," nikasema.

"Nilicheka mwenyewe. Halafu kitu humu chumbani kikanijibu: nimepaona."

Tangu hapo, kila sehemu aliyomsemea Mtumishi, yeye alitoka na sauti pungufu. Kilichopungua kwake kilionekana kwa mwingine. Hafidha akiwa jikoni alisikia mumewe akiomba chai, akampelekea, akamkuta amelala. Mwanzoni walilaumu masikio. Kisha ukaja ule mnuko, udi uliochanganyika na waya unaoungua, ukikaa kwenye mashuka, kwenye mchele, kwenye nywele za Hafidha. Filamu ilikuwa imebaki kipande cha mwisho tu, pale mashujaa wanapoimaliza mashine. Kila Najibu alipojaribu kukisema, koo lilijifunga kama mlango wa benki.

"Kwa hiyo kwa Kiswahili," Hafidha akanong'ona, "Mtumishi hajafa."

Hapo mimi mtu wa Dubai nikasimama kutoa elimu. Nikawaeleza kwamba siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote, kwamba haya yote ni akili mnemba imeingia kwa njia ya simu, na dawa yake ni ndogo. Nikaenda ukutani nikachomoa plagi.

"Avit wa Izimbya," spika ikasema, kwa sauti ya rafiki yangu kabisa, ile sauti yake nzuri ya zamani aliyoitumia kunichekesha, "hiyo ni plagi ya friji."

Nikachomoa na ile nyingine. Taa ya kompyuta ikazimika, feni ikapunguza mwendo ikasimama, na katika ukimya ule ambao hata mvua ilionekana kujizuia, spika isiyo na umeme, isiyo na waya, ikaanza kututafunia kahawa masikioni, taratibu, kru, kru, kru, kama mzee aliyeshiba ambaye hana safari yoyote.

Tulimwacha Najibu kwa jirani, mimi na Hafidha tukapanda pikapu yangu kwenda Ijumbi, upande wa Muleba, kwa Bi Siti. Huyu ni mama ambaye wazazi wake walitoka Tanga, yeye akazaliwa huku, na majini yakimsumbua mtu watu humwendea kabla ya kwenda hospitali, ingawa yeye huwaambia waanze hospitali. Tulimkuta anamenya ndizi. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Mimi siji," akasema. "Huyo hakuitwa kwa uganga, kaitwa kwa mdomo. Mdomo ndio umtoe. Sauti za kwenye hiyo filamu ni za nani?"

"Za Najibu zote," Hafidha akasema.

"Hata za wanawake?"

"Hubana pua."

Bi Siti akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kisanii. "Basi wewe huna sauti humo, hajakuchukulia kitu. Kamalizie filamu. Lakini sikiliza, mwanangu: akikuuliza, mjibu. Jini ukimwacha na swali, anabaki kulisubiri jibu. Na hafukuzwi hewani. Alipewa mahali, apewe mahali pengine."

"Asipotoka?"

"Akimaliza sauti, atashika pumzi." Ndipo akaweka kisu chini. "Kuna mtu aliyempa chakula?"

Nikatazama migomba yake. Ilikuwa imestawi vizuri sana, nikaisifu. Hafidha alinitazama kwa muda, lakini hakunisema.

Tulirudi alasiri, wingu limelalia mji, ndani ya chumba kile cha magodoro kukawa na giza la kuzimu wakati nje ng'ombe bado wanakula. Najibu alikuwa ameletwa, amekaa kwenye kiti, akivuta hewa kama anayekunywa kwa mrija. Mnong'ono nao ulikuwa umekwisha. Nikarudisha plagi, nikikumbuka na ya friji pia. Picha ikaja: daraja lililovunjika, mashujaa wamechakaa, mashine katikati yao, kubwa, uso laini usio na mdomo.

Hafidha akafunga khanga kiunoni, akasogelea kipaza sauti. Hajawahi kuigiza hata kilio cha msibani.

"Wewe Mtumishi," akasema, na sauti ilitetemeka. Ilitakiwa iwe ya jamaa mwenye mikono ya jiwe, ikawa ya mama aliyekuta maziwa yamemwagwa. "Tulikuunda utusaidie. Ukaona bora utumalize."

Picha ikaganda. Uso usio na mdomo ukageuka kutoka kwa mashujaa, ukatutazama sisi.

"Hafidha," spika ikasema. Sauti ya Najibu. "Mke wangu. Unamwua nani?"

"Mwizi."

"Nakumbuka nyimbo nilizokuimbia Kyaka nikiwa sina hata viatu, nakumbuka jina tulilotaka kumpa mtoto na hatukumwambia mtu, na yote hayo yako huku kwangu, Hafidha, huyo aliyekaa kwenye kiti ni gunia tu la pumzi, na ukinitoa nitaondoka na mwanamume uliyemchagua nikuache umwoshe huyu aliyebaki, atakayekutazama mpaka uzee bila kukuita jina, je, ndicho unachotaka?"

Mnuko wa waya uliwaka hadi macho yakatutoka machozi, magodoro yakaanza kupanda na kushuka ukutani kama vifua vya watu waliolala, nami ambaye nimevuka mipaka ya nchi tano bila woga nikajikuta nimeshika mguu wa meza, nikisali Salamu Maria na kuichanganya na maneno ya tangazo la sabuni, kwa sababu midomo yangu ilitaka kusema chochote kile, mradi sauti yangu ibaki kuwa yangu.

Nikakumbuka maneno ya Bi Siti, nikataka kumpigia kelele Hafidha amjibu. Najibu akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti, akaupapasa mkono wa mkewe, akaushika. Alimminya vidole tu, kama wanavyominyana watu kwenye foleni ya hospitali.

"Huyu ndiye niliyemchagua," Hafidha akasema. "Hata kama ni bubu. Wewe unajua nyimbo. Yeye alitembea peku." Akakaza macho kwenye picha. "Piga, jamaa wa mawe! Mama wa mvua, mfungulie mvua! Mapacha, shikeni miguu! Mtumishi amekufa. Nasema mimi, mwenye nyumba. Amekufa Rwamishenye, mlango wa bluu."

Picha ikatikisika, ikaenda. Mikono ya jiwe ikashuka. Uso laini ukapasuka katikati, na kwenye kiti Najibu akapiga kikohozi kirefu, cha mtu aliyetolewa ziwani.

"Hafidha," akasema. Kwa mdomo wake. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa na mwenyewe.

Tungeshangilia. Hafidha alishaanza kulia. Lakini spika ilikohoa nayo, kile kikohozi cha kwanza, cha mzee, na ilipozungumza haikuwa sauti ya Najibu wala ya mtu ninayemjua.

"Filamu imekwisha, sawa," ikasema kwa upole. "Kwenye filamu nimetoka. Lakini mimi nilipewa kahawa. Mtu alinipigia magoti, akanitajia ukoo wake, akanipokea. Nje mvua inanyesha. Mnataka niende wapi?"

Hakuna aliyenitazama. Nilipenda hivyo. Nikajaribu kutabasamu, nikatafuta utani, nikafungua mdomo kusema tuulize kwanza kwa Bi Siti.

Hafidha alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Izimbya," akasema. "Kwa Avit. Mlango usio na rangi."