Kitufe cha Karani

Karani wa chuo cha ushonaji alikuwa mtu wa mbio. Chai anakunywa amesimama, simu anaongea huku anachapa. Mwaka ule chuo kilianza kutumia programu mpya ya ofisi, ya bure, naye akahamishia humo kitufe cha kwenye skrini alichokitumia katika programu ya zamani. Ukikibonyeza, kinapanga majina na alama za wanafunzi, tayari kwa kuchapa vyeti.

Alipokibonyeza, onyo likatokea. Hakulisoma. Nani ana muda? Akabonyeza "Endelea".

Siku ya mahafali, mdogo wake, aliyesoma chuoni hapo na kuwashinda wote darasani kwa cherehani, aliitwa mbele ya wageni. Cheti kikasomwa: ameshindwa. Watu wakaguna. Binti akatoka kwa mlango wa nyuma, uso kaufunika kwa mikono.

"Ni hii programu ya bure," karani alimwambia mkuu wa chuo. Lakini moyoni alilikumbuka lile onyo.

Jioni alimwita jirani yake, fundi wa kompyuta waliyemzoea kwa jina la Mama Miwani. Huyo akakifungua kitufe. Ndani mlikuwa na mistari ya maandishi.

"Haya ni maagizo," alisema. "Kompyuta huagizwa kwa lugha zake. Programu hii yenyewe imeandikwa kwa lugha kadhaa, sehemu kubwa kwa C++. Nayo ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kusoma maagizo yake na kuyarekebisha. Kitufe kidogo kama chako unaweza kukiandika kwa lugha nyepesi zaidi, kama Basic au Python."

"Sasa changu kina nini?"

"Kimeandikwa kwa Basic ya programu ya zamani. Hii mpya inaielewa, ila si yote. Majina iliyapanga. Ilipofika kwenye amri ya kuhamisha alama zifuate majina, haikuielewa, ikairuka. Kila mtu akabeba alama za mwenzake. Kwani haikukuonya?"

Karani aliinamisha kichwa. "Ilinionya, Mama Miwani. Nikapuuza. Na sasa mdogo wangu hataki hata kuniona."

Waliiandika upya amri ile, wakaijaribu kwanza kwa majina machache, wakalinganisha na alama za walimu. Zikalingana.

Asubuhi alimpelekea mdogo wake cheti kipya. Amefaulu, tena wa kwanza. Binti alikisoma, akakirudisha.

"Niliaibika mbele za watu, dada. Leo unanisafisha chumbani?"

Karani alikichukua cheti, akarudi chuoni. Akawaita upya wanafunzi na wazazi, akasimama palepale jukwaani.

"Programu haina kosa. Iliniambia haijaelewa, nikaiambia iendelee. Kosa ni langu."

Kisha akaanza kugawa vyeti upya, cha kwanza kikiwa cha mdogo wake. Safari hii binti alikipokea kwa mikono miwili.