Mwonjaji Namba Saba

Toroli lile lilikuwa na gurudumu bovu, nalo liliamua kulegea pale pale langoni mwa soko kuu, saa ambayo watu walikuwa wamefurika. Gunia la juu liliyumba, likapasuka, likamwaga makapi ya nyanya, maganda na mbegu na uji mwekundu, juu ya gauni jeupe la kitani lililokuwa limevaliwa kwa mara ya kwanza.

Mwenye gauni alikuwa muuza nyama. Soko zima lilimwita Wembe, na hakuna aliyekuwa na hakika kama jina lilitokana na kisu chake au mdomo wake. Siku hiyo alikuwa ameliacha koti la bucha nyumbani. Alivaa hereni ndefu za shaba na viatu vya kisigino, yuko njiani kwenda kwenye sherehe ya uchumba wa rafiki yake.

"We kaka!" alifoka. "Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Samahani sana. Ni gurudumu hili..."

"Gurudumu ndilo linalosukuma? Na huu uchafu unaupeleka wapi mchana kweupe?"

Kijana alikuwa amekwisha kupiga magoti, anayazoa makapi kwa mikono miwili kama mtu aliyemwaga unga wa mwisho. Shati lake la mistari lilikuwa limekunjwa mpaka viwikoni. "Si uchafu," alisema bila kuinua uso. "Ni chakula cha wanakondoo."

"Cha nani?"

"Wanakondoo. Nyanya ikishakamuliwa kiwandani, hiki ndicho kinachobaki, nao hukitupa. Mimi nachanganya na mashudu ya alizeti na pumba kidogo, nawalisha. Nyama yake, dada, ukiionja..."

"Unanimwagia taka halafu unaninadia nyama? Mimi? Unajua unaongea na nani?"

Hapo ndipo kijana alipoinua uso. Aliangalia gauni, akaangalia hereni, akayafikia macho, akasahau kuzoa. "Sijui," alisema, "ila hata ukiwa umepakwa nyanya, umependeza."

Wapita njia waliangua kicheko. Wembe naye kicheko kilimfika kooni, akakimeza kwa nguvu, na kukimeza huko kulimkasirisha zaidi.

Wembe alimwamuru alichukue gauni akalifue, na kesho yake kijana alikuja nalo buchani limefuliwa, limepigwa pasi, doa halionekani mpaka ulitafute. Alikuwa mtafiti wa lishe ya mifugo katika chuo cha jirani. Shangazi yake Wembe, aliyekaa kwenye dirisha la malipo na kujua habari za kila mtu kabla ya mwenyewe, alimtazama toka juu mpaka chini na kumpa jina papo hapo: Makapi.

"Huyu Makapi wako," alisema shangazi, kijana alipoondoka, "ana mikono safi kwa mtu anayeshinda na taka."

"Wangu tangu lini, shangazi?"

"Tangu ulipolificha tabasamu kwenye friji."

Basi simu zikaanza.

"Umeamkaje, malkia?"

"Nimeamka na hasira."

"Za nini tena, laazizi?"

"Sijui bado. Ngoja nioge kwanza."

Na Jumapili mchana Wembe alikwenda kwa Makapi: chumba kimoja chenye pazia la buluu, meza ndogo, jiko lililosuguliwa likang'aa. Makapi alimchomea mbavu za mwanakondoo. Hakutia limau wala kitunguu wala pilipili, chumvi tu.

"Mpenzi, hata kachumbari jamani?"

"Nataka uionje yenyewe."

Alimpa kipande, kisha maji ya kusukutua, kisha kipande kingine. "Kipi laini kuliko mwenzake? Na harufu, je? Mafuta yanakaa ulimini au yanaondoka?" Aliuliza kwa sauti ya chini, macho hayabanduki usoni pake. Wembe alikuwa amewahi kupendwa na wanaume waliozungumza tu, wao wakiongea na yeye akiitikia. Huyu aliuliza, kisha akanyamaza kungoja jibu. Jumapili baada ya Jumapili alifumba macho, akatafuna, akasema chochote kilichomjia. Siku moja alisema, "Hii inalainika mdomoni kama mtu aliyesamehewa."

Makapi aliubusu mkono wa Wembe uliokuwa bado una mafuta.

Bucha nayo ilianza kuuza wanakondoo wa Makapi, aliowafuga uani kama walivyofuga jirani zake. Nyama yao ilikaa nyekundu kwenye kioo cha kaunta wakati nyama nyingine ilikuwa imekwisha kuwa kahawia, na wateja waliiomba kwa jina: "Nipe ya makapi."

Kisha chuo kikafanya siku ya maonyesho, na Makapi akamwalika Wembe. "Vaa upendeze," alisema kwenye simu. "Nina jambo la kukushangaza."

Alipendeza. Alivaa gauni la zambarau lililomwagika mpaka vifundoni, akaketi safu ya mbele, akamsikiliza mpenzi wake akieleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeelewa: kundi moja la wanakondoo lilikula nafaka ya kununua, jingine likala makapi ya nyanya na mashudu; nyama ya kundi la pili haikuharibika rangi upesi, tena ilikuwa laini zaidi. Wembe alijisikia fahari.

"Nyama hizi zilionjwa na watu," alisema Makapi, "na hakuna aliyejua anakula ya kundi lipi." Akabonyeza kitufe. Kwenye ukuta yakatokea maandishi makubwa: Mwonjaji Namba Saba. Na chini yake: *Inalainika mdomoni kama mtu aliyesamehewa.*

Makapi alimtazama Wembe, anatabasamu. "Namba Saba alitupa maneno yanayoshinda vipimo vyetu vyote."

Mkuu wa idara akainama kwenye kipaza sauti. "Huyu Namba Saba alikuwa na njaa, au alikuwa kwenye mapenzi?"

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko.

Ni haki isemwe: Makapi alikuwa na pete mfukoni. Alidhani anamtukuza. Alidhani Wembe ataona maneno yake ukutani, yameheshimiwa na wasomi, kisha watatoka nje na yeye atauliza lile swali kubwa. Kijana huyu alijua ni pumba kiasi gani humvimbisha mwanakondoo tumbo, lakini hili hakulijua.

Wembe alisimama. Gauni la zambarau lilipita katikati ya viti, likapita mlangoni, halikugeuka.

Simu iliita akiwa barabarani. Aliiacha, ikaita tena.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Swali moja. Jumapili zote zile, ulikuwa unanipenda au unanipima?"

Makapi hakuzoea kusema uongo, na laiti angejaribu siku hiyo.

"Vyote viwili," alisema.

Wembe alikata simu.

Asubuhi yake mteja wa kwanza, mama mmoja mwenye kikapu, aliuliza, "Ya makapi ipo?"

"Ile?" Wembe alipiga kisu kwenye gogo. "Ile sili hata nikiombwa. Wale kondoo wanalishwa takataka za kiwandani. Kama una watoto nyumbani, wahurumie."

Mama alirudisha mkono kama aliyeguswa na moto. Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa na habari, na kwa kuwa Wembe aliaminiwa kwa ulimi wake kuliko daktari wa mifugo, hakuna aliyehoji. Mabucha mengine yakawakataa wanakondoo wa Makapi, kisha wa jirani zake, kisha wa yeyote aliyeonekana na gunia lenye madoa ya nyanya.

"Juzi ulikuwa unalamba vidole," alisema shangazi.

"Shangazi, funga mlango wa friji."

"Nimefunga. Na wewe funga mdomo wako."

Jumamosi, foleni imetoka mpaka nje, Makapi aliingia. Hakuja na maua. Alikuwa amefura.

"Nikasirikie mimi!" alipaza sauti toka mlangoni. "Kondoo wamekukosea nini?"

Foleni iligeuka. Mtu mmoja alizima redio.

"Toka buchani kwangu."

"Fundi viatu jirani yangu aliacha kununua nafaka kwa sababu nilimwambia makapi yanafaa. Leo kondoo wake wanakataliwa kila mahali. Kwa neno lako! Wewe, ambaye nilikuwa naapa kwa ulimi wako!"

"Uliuiba huo ulimi!"

"Niliuiba, ndiyo!" Makapi alishusha pumzi. "Nilidhani ukijua, utasema ya kunifurahisha. Nilitaka ukweli."

"Na ulidhani nitakudanganya?" Wembe alizunguka kaunta, kisu mkononi, na watu wawili wakapisha. "Sikia. Kutojua nakula nyama ya kundi lipi, nakuelewa, ndivyo kazi yenu ilivyo. Ila kutojua kwamba napimwa! Nilikuwa naongea na wewe. Nilidhani niko peke yangu na mtu anayenipenda, kumbe ukumbi mzima ulikuwa umekaa mezani unanisikiliza nikitafuna!"

Hasira ilimtoka Makapi usoni kidogo kidogo, na mahali pake pakabaki aibu tupu.

"Nimeyafuta," alisema. "Majibu yako yote. Nimewaambia chuoni sikukuomba ruhusa. Sasa waonjaji hawatoshi, utafiti hausimami. Nitaanza upya na wanakondoo wengine."

"Umefuta?" Sauti ya Wembe ilipanda upya. "Mjinga wewe! Kila neno lilikuwa kweli! Nani alikwambia utupe maneno yangu kama maganda?"

"Sasa unataka nini, mwanamke? Niyaweke, kosa, niyafute, kosa!"

"Nilitaka kuombwa! Kabla! Kuombwa tu!"

"Basi nakuomba sasa," alisema Makapi, "uwaambie hawa kweli."

Wembe alitazama foleni. Yule mama mwenye kikapu alikuwa wa tatu. Kusema uongo kulimchukua pumzi moja. Kuurudisha kulimpa tabu mpaka jasho likamtoka chini ya koti.

"Nilidanganya," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Makapi ya nyanya si takataka. Nyama ile ni safi, laini, nimeila miezi na ningekuwa nayo leo ningeila. Hasira zilikuwa zangu. Atakayewakataa kondoo wa watu kwa neno langu la juzi, aje nimwambie la leo."

"Kwa hiyo tule au tusile?" aliuliza mama.

"Kuleni!"

"Si useme bila kutupigia kelele, mwanangu."

Shangazi alicheka peke yake dirishani. Wembe alimgeukia Makapi. "Ukianza upya, nitaonja. Nikijua kwamba naonja. Na huyo mkuu wako wa idara aniombe radhi kwenye kipaza sauti kile kile."

"Ataomba."

"Haya. Lile jingine uliloniitia siku ile, lisemwe."

Makapi alitia mkono mfukoni, akautoa na pete. Hakupiga magoti. "Nataka kukuoa," alisema. "Sijui utajibu nini."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hazitaisha leo wala wiki hii. Nitaolewa nimenuna, na picha zote zitoke hivyo hivyo."

Ilimchukua Makapi muda kuelewa kwamba amejibiwa. Foleni ilielewa kabla yake; vigelegele vilianzia nyuma.

"Usisimame hapo unawazibia wateja," Wembe alimkemea, akimtupia koti jeupe toka kwenye msumari. "Nyama ya wanakondoo wako ikirudi hapa, utaiuza kwa mikono yako mwenyewe; anza kujifunza leo. Vaa."

Alivaa. Lilimbana mabegani. Akaingia nyuma ya kaunta, akashika kisu, na Wembe akaanza kumfokea namna anavyokishika.