Mkono wa Karani

Kwanza yalikuwa maranda. Mke wa karani aliingia stoo asubuhi kufagia, kama kila siku, akakuta chini ya mashine vipande vya mbao vyembamba, vimejikunja kama maganda ya chungwa, vinanuka jasho. Akasimama na ufagio wake. Mashine ile, tangu iingie nyumbani, haikuwahi kutoa kitu ila unga wa mbao: unga kwenye pazia, unga kwenye chai, unga kwenye masikio ya mumewe. Maranda ya kujikunja hivi hutoka kwenye patasi, na patasi inataka mtu wa kuisukuma.

"Mume wangu, jana ulichonga kwa mkono?"

"Mimi kila siku nachonga kwa mkono," karani akajibu kutoka bafuni.

Mkewe akaendelea kufagia. Alijua kwamba ni uongo, na karani alijua kwamba anajua. Ndoa nyingi zinakwenda hivyo na zinafika mbali.

Huyu karani alistaafu ofisini akiwa hajui hata kupigilia msumari. Akanunua mashine ya kuchonga, ile inayoongozwa na kompyuta: unaweka picha kwenye skrini, unabana ubao mezani, unabonyeza, unakwenda zako kunywa chai. Ncha ya chuma inazunguka ikilia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa, inakwenda kushoto, inakwenda kulia, inapanda, inashuka, na baada ya saa tatu ubao una maua. Si dhambi hiyo. Wengi wanafanya na wanasema wazi. Karani yeye alingoja mashine imalize, akafuta mistari yake kwa msasa, kisha akachukua patasi na kuutia ubao vidonda viwili vitatu, hapa na pale, ili mgeni akipitisha kidole aseme: lo, kazi ya mkono hii!

Na patasi zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za kaka yake, mchongaji kwelikweli, aliyefariki mwaka uliotangulia akaacha mjane, binti mmoja, na ubao wa maua ambao hakuwahi kuumaliza. Karani alikwenda kutoa pole akaondoka na sanduku la patasi. "Kumbukumbu tu, shemeji," alisema. Ule ubao hakuuchukua. Aliupiga picha, mjane akiwa jikoni anamchemshia chai.

Binti alipoolewa, baba mdogo akaleta zawadi: kichwa cha kitanda, kimejaa majani yanayopandana na maua yaliyofumba nusu. Vigelegele vikapigwa. Mjane akasogea, akaweka kiganja juu ya jani moja, asikiondoe.

"Shemeji, haya majani ni ya marehemu."

"Majani ni majani, shemeji. Ya marehemu yameandikwa jina?"

"Nani kachonga?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe uliyekatwa na kopo la samaki ukalazwa siku mbili?"

Ukumbi mzima ukacheka, bibi harusi naye akacheka ndani ya shela. Karani akapandwa na hasira, akanyanyua mkono wa kulia mbele ya watu wote.

"Ni mkono huu! Na kama si huu, mwenye mkono wake aje auchukue!"

Jamani. Mtu una vitu vya marehemu stoo, halafu unasema maneno kama hayo, tena kwa sauti.

Maranda yalianza kesho yake.

Watu hudhani majini yanasubiri giza. Hili lilikuja saa nane mchana, karani amelala chali sebuleni, ameshiba, waya wa mashine umechomolewa ukutani. Mkewe alikuwa anasugua sufuria aliposikia kutoka stoo: ko, ko, ko. Kimya. Halafu pumzi ndefu, fuuu, ya mtu anayepuliza vumbi. Ko, ko, ko. Fuuu. Sabuni ikamkaukia mikononi. Aliijua pumzi ile. Marehemu alikuwa akigonga mara tatu na kupuliza, mara tatu na kupuliza, miaka yote.

"Amka," alinong'ona. "Kuna mtu stoo."

"Panya."

"Panya gani anapuliza vumbi?"

Wakaenda, mke mbele, mwanamume nyuma ameshika mto. Hapakuwa na mtu. Sanduku lilikuwa wazi, na patasi moja ilikuwa imesimama wima katikati ya meza ya mashine, bado inatetemeka.

Kesho yake mezani mkono wa kulia wa karani ulikataa kukunjika. Ulikwenda mbele kwa mstari mnyoofu, ukasimama, ukashuka kwenye sahani, ukachota, ukapanda, ukakata kona, ukamwaga mchuzi begani.

"Mishipa," alisema karani, akijaribu kucheka.

Mke hakucheka, kwa sababu aliona vidole vinatetemeka mtetemo mdogo wa haraka, na kwa mbali, kutoka ndani ya mfupa, alisikia mlio wa nyigu. Siku ya tatu mkono ulimnyanyua kitini kama mtu anavyonyanyua mbuzi kwa pembe, ukampitisha jikoni akipiga kelele na kushika kila alichokiona, pazia, mlango, nguo ya mkewe, ukamwingiza stoo, ukajilaza wenyewe juu ya meza, kiganja juu, pale panapobanwa ubao, na ile ncha, ambayo hakuna aliyeiwasha na waya wake ulikuwa umezungushwa kwenye msumari ukutani, ikaanza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, ikishuka unywele kwa unywele, mpaka mke akamrukia mumewe kwa uzito wake wote, na Mungu alimjalia uzito, wakaanguka wote chini kwenye maranda.

Mke akaita mganga, naye akafika saa hiyo hiyo, mama mfupi mwenye miwani, mkali kama mkaguzi wa shule. Akafukiza ubani, akamkalisha karani chini, akauliza: "Wewe nani?"

Koo la karani likakwaruza kama ubao mkavu. "Mimi ni wa mkono. Nilikaa kwenye mkono wa kaka yake miaka arobaini. Mkono ukafa, nikalala sandukuni. Huyu ameniamsha. Amewaambia watu mkono anao. Nimeukagua. Haujui kitu. Sasa naukata."

"Akikiri?"

Fuuu, na moshi wa ubani ukalala chini. "Akikiri mbele ya waliosikia, sitaukata."

Mganga akamwambia karani: "Sikiliza, baba. Utasema yote. Ukibakiza hata kipande, litakaa kwenye kipande hicho hicho."

Wakakusanyika nyumbani kwa mjane, wale wale wa harusini, na wengine ambao hawakualikwa harusi lakini hili hawakutaka kulikosa. Karani akasimama, jasho linamtoka.

"Maua ni ya kaka. Niliiba kwa picha. Kazi ilifanywa na mashine." Hapo alipaswa kukaa chini. Lakini aliona macho ya watu, akaongeza: "Ila nami, kwa mkono wangu, nilichonga kidogo."

Mganga akafumba macho. "Kidogo," alisema. "Haya."

Hata hivyo mkono ulitulia. Ulikunjika, ulishika kikombe, ulipeana salamu. Sanduku likarudishwa kwa mjane.

"Lizike leo," mganga akamwonya. "Usilifungue. Kile alichobakiza bado kipo."

"Nitalizika, mama," alisema mjane, amelikumbatia.

Akalifungua kabla mganga hajavuka barabara. Mwanamke yule hajawahi kukata kitu ila vitunguu, lakini alichukua patasi, akakaa mbele ya ubao wa mumewe, na majani yakaanza kutoka. Wiki nzima amechonga, na viganja vyake laini kama vya mtoto.

Malengelenge yalitoka kwa karani. Mtaa wa tatu kutoka pale, mjane akisukuma patasi, mkono wa karani nao unasukuma hewa, tangu asubuhi hadi adhuhuri, ngozi inapasuka, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mkewe aliufunga kwenye kitanda; kitanda kikaanza kutembea.

Akakimbilia kwa mjane, kitambaa kimemdondoka kichwani. "Dada, nakuomba. Mwenzio analia. Mwachie apumzike, hata leo tu."

Mjane akapuliza vumbi, akautazama ubao ule aliokuwa ameumaliza dakika hiyo, akauegemeza ukutani.

"Apumzike? Si alitaka kuchonga?" Akavuta kutoka nyuma yake ubao mwingine, mrefu kumpita mtu. "Mwambie ale vizuri, mdogo wangu. Sasa tunaanza mlango."