Galkumbura na Toleo la Jumanne

Kila Ijumaa, masomo yalipokwisha, Sewmini hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia kwanza ofisi ya posta ya kijiji, ambako bibi yake, Somawathi, alikuwa ameshaketi barazani na mfuko wake wa tambuu mapajani. Hiyo ndiyo siku ambayo basi la kutoka mji wa Kurunegala lilileta Gazeti la Serikali. Bwana Wimalasena, mkuu wa posta, alivaa miwani, akasafisha koo, akawasomea watu mambo yanayowahusu: nafasi za kazi, minada, mashamba.

Bibi Somawathi alingoja neno moja tu, Galkumbura. Hilo lilikuwa jina la jaruba lake la mpunga, lenye kisima cha mawe pembeni. Baada ya mavuno wapimaji ardhi walikuja wakapigilia vigingi vyekundu katikati ya jaruba, karibu kabisa na kisima, kwa kuwa mfereji wa maji ulikuwa upanuliwe. Ng'ambo ya mfereji palikuwa na ardhi tupu isiyolimwa na mtu. Bibi alitaka kulisema hilo mbele ya wakubwa, na Gazeti ndilo lingetaja siku ya wenye mashamba kufika ofisi ya tarafa na hati zao. Asiyefika, shauri lake lingeamuliwa yeye hayupo.

Ijumaa moja Bwana Wimalasena alitoka nje mikono mitupu.

"Jamani, la karatasi limekwisha," alisema. "Kuanzia leo Gazeti linatolewa kwenye mtandao. Mwenye simu atalisoma mwenyewe, bure."

"Sasa tutakuja hapa kufanya nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Kutafuna tambuu, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote," Bwana Wimalasena alimjibu, na watu wakacheka.

Bibi Somawathi hakucheka. "Na mimi, Bwana Posta? Macho haya hata tundu la sindano hayalioni. Simu nitaisomaje?"

"Nitakusomea mimi, Bibi," Sewmini alisema upesi. Simu alikuwa nayo. Mama yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini, alimnunulia kwa ajili ya masomo. "Kila Ijumaa nitatazama. Usiwe na wasiwasi."

Bibi alimpapasa kichwa, na walipofika nyumbani alimkatia kipande cha sukari guru, kile kikubwa cha pembeni.

Ijumaa mbili za mwanzo Sewmini alitimiza ahadi yake vizuri. Alifungua toleo, akapitia ukurasa baada ya ukurasa wa herufi ndogo, hata macho yakamwasha. Galkumbura haikuwamo. Ijumaa ya tatu, rafiki yake Dulanjali alimwita akiwa langoni.

"We Sewmini! Mwalimu anachagua timu ya netiboli leo. Unakuja, au unaenda kusoma gazeti kama mzee mstaafu?"

Sewmini alikwenda kucheza. Alirudi jioni, miguu imejaa vumbi, akamkuta Bibi mlangoni.

"Vipi, mjukuu wangu, tumetajwa?"

"Hakuna kitu, Bibi," alijibu, na simu hakuwa ameigusa.

Bibi aliamini. Alimkatia sukari guru kama kawaida. Wiki iliyofuata neno lile lilimtoka Sewmini kwa urahisi zaidi, na iliyofuata alilisema hata kabla ya kuulizwa. Hata hivyo, ile sukari guru haikumpendeza tena. Aliitia mfukoni, akawapa kuku.

Jumatatu moja mama yake alimtuma dukani kwa ujumbe wa simu, akanunue mafuta ya nazi. Huko aliwakuta wanawake wawili wa kijiji cha jirani wakizungumza.

"Sisi tumeshaitwa tarafani kwa ajili ya ule mfereji," mmoja alisema. "Hivi watu wa hapa wao vipi? Au wamesamehe mashamba yao?"

Sewmini alitoka dukani bila mafuta, akajibanza nyuma ya ukuta, akafungua matoleo yote ya Ijumaa ambayo hakuyatazama. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Galkumbura haikuwamo katika la kwanza, wala la pili, wala la tatu. Alishusha pumzi, akaegemea ukuta. Kumbe alikuwa amesalimika!

Lakini maneno ya yule mwanamke hayakumtoka kichwani. Ikiwa jirani wameitwa, kwa nini wao hawajaitwa? Badala ya kurudi nyumbani, alikwenda posta.

"Nimesoma ya Ijumaa yote, Bwana," alimweleza Bwana Wimalasena. "Hatumo."

"Na matoleo maalumu je?"

"Matoleo maalumu yapi?"

Bwana Wimalasena alivua miwani, akajipiga paji la uso.

"Hili ni kosa langu mimi! Mwanangu, jambo la haraka halingoji Ijumaa. Hutolewa peke yake, siku yoyote. Zamani hayo maalumu yalinifikia katikati ya wiki, nami kwa kupenda mambo yakae sawa nikayashona kwa uzi ndani ya lile la Ijumaa, niyasome kwa pamoja. Kijiji kizima kikadhani kila kitu hutoka Ijumaa. Hebu lete simu."

Alimwonyesha mahali pa kubonyeza. Matoleo maalumu yakafunguka, na katika lile la Jumanne ya wiki mbili zilizopita, chini ya jina la kijiji chao, palikuwa pameandikwa Galkumbura. Wenye mashamba walitakiwa kufika tarafani keshokutwa, saa tatu asubuhi.

"Muda upo," Bwana Wimalasena alisema. "Mshukuru Mungu wako kwamba umekuja leo. Ungekuja Alhamisi, tungekuwa tunasoma habari za mazishi."

Sewmini aliinamisha kichwa. "Bwana, si kosa lako peke yako. Hata yale ya Ijumaa nilikuwa siyasomi. Nimeyasoma leo tu. Nilikuwa namwambia Bibi hakuna kitu."

Mkuu wa posta alivaa tena miwani yake polepole.

"Hayo hukutakiwa kuniambia mimi," alisema. "Unajua wa kumwambia."

Bibi Somawathi alikuwa akipepeta mchele. Sewmini alipiga magoti mbele yake, akaeleza yote: netiboli, simu ambayo hakuifungua, hata kuku na sukari guru. Ungo ulisimama mikononi mwa Bibi.

"Keshokutwa, umesema?"

"Ndiyo, Bibi. Saa tatu."

"Basi simama. Nenda kanitolee hati ya shamba sandukuni, na sari yangu nyeupe uinyooshe. Mengine tutazungumza nikitoka huko."

Siku ilipofika walipanda basi la alfajiri. Zamu yao ilipoitwa, Bibi alisimama wima mbele ya meza ya afisa, akaiweka hati, akasema bila kutetemeka, "Mwanangu, chukueni ardhi, mfereji ni wetu sote. Lakini kwangu pana kisima, na nyumba sita huteka pale kila kiangazi. Ng'ambo hapana kitu ila nyasi. Kwa nini msipanue upande ule?"

Afisa alimwita mpimaji, wakainamia ramani. Mpimaji alikuna kidevu. "Kisima hiki hatukukichora, bwana," alikiri.

Wiki iliyofuata mpimaji alikuja na vijana wake, akatazama kisima, akachungulia ndani, akanywa maji yake. Kabla ya adhuhuri vigingi vyekundu vilikuwa vimeng'olewa na kupigiliwa ng'ambo. Bibi Somawathi aliketi juu ya mawe ya kisima, akacheka kwa sauti hata tambuu ikamtoka mdomoni. Sewmini alicheka naye huku machozi yakimlengalenga.

"Sasa tuzungumze," Bibi alisema, akamvuta akae karibu. "Zamani nilimsikiliza Bwana Posta, na nilimwona akisoma. Sasa Gazeti limeingia ndani ya simu, na simu mimi siioni. Ninachokiona ni wewe. Ukisema hakuna kitu, kwangu ni serikali imesema. Ukichoka, niambie, 'Bibi, leo nimechoka.' Ukitaka kucheza, cheza, tutatazama usiku. Kutotazama si kosa kubwa, kwa sababu mtu anaweza kutazama kesho. Lakini ukidanganya kuwa umetazama, nani atatazama tena?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Kuku ndio sijui kama watakusamehe, wamezoea utamu."

Ijumaa iliyofuata watu walikusanyika tena katika baraza la posta. Bwana Wimalasena alikuwa amebandika ukutani karatasi inayoeleza jinsi ya kutafuta matoleo maalumu, kwa herufi kubwa na mistari iliyonyooka. Sewmini alifika akihema, mpira wa netiboli kwapani.

"Vipi, mjukuu wangu," Bibi aliuliza, "kuna kitu?"

"Sijatazama bado, Bibi," Sewmini alijibu. Aliketi kando yake, akafungua simu, akaanza kusoma kwa sauti ili wote wasikie.