Usingizi wa Nne

Mwanamke mgeni aliingia uani akikokota baiskeli, na Hulkar hakumsikia. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha viwavi wa hariri, mgongo umepinda kama ndoano, visikizi masikioni, macho yamezama kwenye simu. Kivuli cha gurudumu kilipopita juu ya kioo ndipo aliposhtuka.

"Asalaam aleikum, mdogo wangu. Wamelala tangu saa ngapi?"

Hulkar aling'oa kisikizi kimoja. "Kina nani?"

"Viwavi wenu."

"Hawajalala. Nimetoka kuwalisha sasa hivi." Kisha akili ikamrudia, akasimama na kutandaza mikono mlangoni. "Samahani, opa, dada yangu, lakini mwezi wa tano hatuingizi mgeni. Hata shangazi yangu mwenyewe anaishia getini."

Mgeni akacheka, akarudi nyuma hatua mbili. "Vizuri. Mngeniruhusu kuingia ningewashangaa. Jicho la husuda nimeliacha nyumbani, lakini nitasimama hapa hapa juani. Naitwa Mukarram. Natoka kituo cha wilaya kinachogawa mayai ya viwavi, napita nyumba kwa nyumba kujua wanaendeleaje."

"Umejuaje kuwa wamelala, na hujawaona?"

"Toa na hicho kingine masikioni. Sikiliza."

Hulkar akakitoa. Akasikiliza. Maji yalikuwa yakipita mferejini nyuma ya ukuta, na njiwa wawili wakigombana juu ya paa. Basi.

"Sisikii kitu."

"Ndivyo nilivyojua."

Viwavi elfu ishirini wa ukubwa ule wakila majani, sauti yake ni kama manyunyu ya mvua. Kwa siku kadhaa sauti hiyo ilikuwa imeijaza nyumba, hata mama alilazimika kupaza sauti akiitisha chai. Sasa kimya. Kimya kilikuwa kimeanza lini? Asubuhi? Adhuhuri? Hulkar hakujua.

Asubuhi ile bibi yake, Buvi Tojihon, alikuwa amepelekwa mjini na baba kufunguliwa bandeji ya jicho lililofanyiwa upasuaji. Mama alikwenda kukata matawi ya mforsadi ya kulishia viwavi kando ya mfereji. Kabla ya kupanda gari, Buvi alimshika Hulkar mkono. "Wanakaribia usingizi wa nne. Ukiona wameinua vichwa na hawali, usiwape hata jani moja mpaka waamke wote. Waangalie, mwanangu. Waangalie tu."

"Ndiyo, Buvi," Hulkar alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Hakuwa na nia mbaya. Aliitegesha simu ilie kila baada ya saa tatu. Ilipolia aliinuka, akatupa kumbatio la majani juu ya chanja, akarudi kizingitini. Kulikuwa na mengi ya kufanya. Yeye na rafiki yake Dilnavo walikuwa wamefungua ukurasa wa video za viwavi, na wafuasi walikuwa wamefika mia tisa na ishirini. Kila mmoja alikuwa na swali, na kila swali lilitaka jibu.

Lakini nyumba nzima ilikuwa inajua jambo moja. Mwaka uliopita joto liliua viwavi wote. Majira haya yalipoanza, baba alisema mbele ya kila mtu, "Wakifa tena, miforsadi tuliyopewa tunairudisha kwa mtaa, wapewe wengine. Mama yangu apumzike." Buvi, aliyelea viwavi kwa majira arobaini, aligeuza uso ukutani.

"Opa," Hulkar alisema, "nimewapa majani mara tatu leo."

Mukarram aliegemeza baiskeli ukutani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Bila kuwatazama?"

"Bila kuwatazama."

"Ingia. Mimi nitabaki nje hapa dirishani, nakuona wewe tu, viwavi siwaoni. Utakuwa macho yangu. Unaona nini?"

"Majani."

"Chini ya majani?"

"Kuna unyevunyevu. Majani ya chini yameanza kuwa meusi." Hulkar aliingiza mkono mfukoni. "Ngoja nipige picha nikuletee."

"Picha itanionyesha ulipoelekeza simu. Mimi nataka kujua unachokiona wewe. Chukua kiwavi mmoja tu, usimguse. Mtazame mpaka nikuambie basi."

Lilionekana jambo dogo. Hulkar aliinua jani moja, akamtazama kiwavi mmoja mnene, mweupe kama unga. Baada ya muda mfupi tu, mkono wake ukaanza kurudi mfukoni.

"Mkono unakwenda wapi?" Mukarram aliuliza kutoka nje.

"Umekwenda wenyewe!"

"Uite urudi."

Hulkar akaufunga mkono nyuma ya mgongo. Macho yalimwasha kama aliyemenya vitunguu, na shingo ilimuuma, maumivu aliyokuwa ameyazoea kiasi cha kusahau kuwa ni maumivu. Akatazama. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha vitu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja.

"Ameinua kichwa, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hatikisiki. Miguu ya nyuma ameifunga kwenye tawi kwa nyuzi nyembamba sana! Alizitoa wapi? Na nyuma ya kichwa ana kitu cha kahawia, cha pembe tatu."

"Hicho ni kichwa kipya."

"Kichwa kipya?"

"Cha zamani kitadondoka kama kofia. Halafu atatambaa atoke katika ngozi yake, aiache pale ilipofungwa. Ndiyo maana amejifunga. Ukimvuta sasa, nyuzi zitakatika, atakwama ndani ya ngozi na kufa."

Hulkar alisahau kuogopa. "Anaumia? Anaota ndoto? Kwa nini mara nne na si mara tano? Na akikataa kulala?"

"Hilo la ndoto bado hatujalijua," Mukarram alisema, na kicheko kikamrudia kidogo. "Swali la mwisho ndilo zuri. Lakini kwanza tuwaokoe. Unyevu huo ukikaa mpaka kesho, utazaa ukungu. Ondoa majani moja moja, kutoka juu. Ukifika lililoguswa na kiwavi, liache. Kisha nyunyiza chokaa kavu kidogo, kama unavyonyunyiza unga kwenye kibao cha mkate."

Jani moja moja. Chanja zilikuwa sita, na kila chanja ilikuwa ndefu kama kitanda. Mama aliporudi na mzigo wa matawi na kuambiwa, alikaa chini ghafla, kisha akainuka bila kugomba, akakunja mikono ya gauni na kuanza upande wa pili. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Hulkar. Ikatetemeka tena. Ilikuwa Dilnavo, bila shaka. Kila ilipotetemeka, vidole vya Hulkar vilitikisika, na mara moja jani likamponyoka na kumwangukia kiwavi.

"Huyo mfukoni naye angelala," Mukarram alisema kutoka dirishani.

Hulkar aliizima, akaiweka juu ya kabati. "Yako iko wapi, opa?"

"Imelala. Inalala mara nne kwa siku, saa nzima kila mara. Usiku haiingii chumbani kwangu kabisa."

"Kwa nini?"

"Kazini nilikuwa nahesabu viwavi, na kila dakika nachungulia simu. Siku moja nikahesabu chanja moja mara tatu, nikapata majibu matatu. Kichwa kinauma, usingizi hauji, namfokea kila mtu. Nikajiuliza, hawa wadudu ninaowatunza wanajua kupumzika, mimi nimeshindwa?"

"Na mtu akikutafuta ikiwa imelala?"

"Ananipata ikiamka. Mpaka leo hajafa mtu."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Walimaliza alasiri. Mukarram alikunywa chai ya kijani uani, vibakuli viwili vya piyala, akakataa mkate mzima akamega nusu, akapanda baiskeli yake. "Watakaoamka wataamka kesho jioni," alisema. "Sasa hakuna tena cha kufanya. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote."

Buvi aliporudi, jicho moja bado jekundu, Hulkar alimngojea getini. Hakusubiri aulizwe. Alisema yote: visikizi, kengele ya simu, mara tatu. Baba alisikiliza uso ukizidi kukunjamana.

"Nilisema mimi," baba alianza. "Nilisema mwaka huu..."

"Ulisema wakifa," Buvi alimkatiza. "Wamekufa?"

"Bado, lakini..."

"Basi ngoja."

Hulkar alilia, na alipomaliza kulia akasema, "Buvi, kila siku kuanzia saa kumi mpaka jua lizame, simu yangu italala. Viwavi waamke wasiamke. Naahidi."

Buvi hakumsifu. Alimtazama kwa lile jicho jipya, kama anayejaribu kuona kama linafanya kazi. "Sikukuomba uahidi," alisema. "Kwa hiyo ahadi ni yako mwenyewe."

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu. Hulkar alikaa kwenye chumba cha viwavi na penseli na daftari la zamani, akiandika alichoona. Saa nne asubuhi, hakuna. Saa sita, hakuna. Saa nane kiwavi mmoja alikuwa mweusi na amelainika. Akamtoa kwa kijiti, na machozi yakamlenga. Wakawa kumi. Wakawa arobaini. Baba alichungulia mlangoni, akaondoka.

Saa kumi na moja jioni, kofia ndogo ya kahawia ikaanguka kwenye jani.

Hulkar aliona kwa macho yake. Kiwavi alijikunja, akajivuta, akajivuta tena, na ngozi ya zamani ikabaki nyuma imekunjamana kama soksi. Akatoka ana makunyanzi, wa rangi ya maziwa, kichwa kikubwa. Pembeni yake mwingine. Kisha chanja nzima ilikuwa ikijinyonganyonga.

"Buvi! Wanavua nguo!"

Familia nzima ilikuja mbio. Buvi aliwazuia wasiwape majani mpaka wa mwisho atoke, na hapo ndipo walipotandaza matawi mabichi. Punde manyunyu yakaanza tena ndani ya chumba. Waliokufa walikuwa mia tatu na kidogo, kati ya elfu ishirini.

Wakati wa chakula Buvi alimega mkate akampa Hulkar kipande cha kwanza. "Uliuliza kiwavi akikataa kulala itakuwaje. Yule mgeni alimwambia mama yako, naye kaniambia. Nikujibu?"

"Nijibu, Buvi."

"Jani ni zuri. Bila jani hapana hariri. Lakini ngozi aliyovaa haitanuki, na akila bila kukoma atabanwa ndani yake mpaka afe. Kila anapoacha kula, anajenga mwili mpya. Na hiyo simu ina mambo mazuri, mimi mwenyewe nimemwona mjukuu wangu wa Toshkenti humo. Ila kichwa chako nacho kinahitaji saa za kutolishwa kitu, ndipo kile ulichokula kigeuke kuwa akili. Macho yapumzike. Masikio yasikie nyumba yako. Pumzika kabla hujaugua, usingoje kuugua."

Baba alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, kidole gumba kikisukuma kioo cha simu chini ya meza.

"Na ya kwako, mwanangu," Buvi aliuliza bila kugeuka, "inalala lini?"

Hulkar na mama waliinamia sahani zao za pilau ili wasicheke. Baba aliiweka simu dirishani, uso umemwiva.

Siku nane baadaye viwavi waliacha kula kabisa. Miili yao ikawa angavu kama zabibu zilizooshwa, na wakaanza kupanda vichaka vikavu walivyowekewa. Saa ilikuwa kumi na nusu ya jioni pale wa kwanza alipotoa uzi. Simu ya Hulkar ilikuwa imelala juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa.

Geti likagongwa kwa ngumi.

"Hulkar! Wameanza?" Ilikuwa Dilnavo, akihema. "Nimewaambia watu tunarusha mubashara leo! Elfu moja na mia mbili wanasubiri! Washa simu!"

"Imelala mpaka jua lizame."

"Iamshe basi! Mdudu kalala, simu kalala, wewe je, umezeeka lini? Jua likizama watakuwa wameshajifunika!"

"Baadhi yao. Wengine wataanza kesho mchana, tutawarusha hao."

"Kesho! Leo ndiyo niliwaahidi!"

"Na mimi nimeahidi, Dilnavo. Pole sana. Ungeniuliza kwanza ningekuambia."

Dilnavo alishusha sauti. "Bibi yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Sasa si hatajua! Dakika tano tu."

Hulkar alitazama geti, kisha dirisha la Buvi, pazia limeshushwa. Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Ukurasa ule walikuwa wameufungua pamoja, wakicheka mpaka wakalala chini.

"Hapana," alisema.

"Basi ukurasa nautafutia mtu mwingine. Kaa na wadudu wako." Nyayo za Dilnavo zilienda kwa hasira kando ya mfereji, zikapotea.

Hulkar alisimama kidogo, akajifuta pua kwa kiganja, akarudi ndani. Kiwavi wa kwanza alikuwa akipeleka kichwa huku na huku, na uzi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba aliuona pale tu mwanga ulipougusa. Kutoka pale aliposimama hakuona vizuri. Akaichukua simu pamoja na kitambaa chake, akaiweka sakafuni bila kuiwasha, akakivuta kigoda karibu na kichaka, akakaa.