Mkono wa Askari wa Kauri

Jua lilikuwa linazama Mama Gundi alipopitia kwa muuza vikorokoro kuchukua kidau cha wino alichowekewa. Jina hilo alilipata kwa kazi yake ya kuunga vyombo vilivyovunjika. Lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa vitu vya mezani vya kauri, vile vilivyotengenezwa kuwa kumbukumbu za vita vya zamani: visahani vya kalamu, vizito vya kukandamizia karatasi. Kabati lilishajaa. Mumewe, seremala, alimtania kwamba iko siku watalala nje ili majeshi yake yapate nafasi.

Juu ya kidau hiki alikaa askari mdogo wa kauri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika, kiganja hakipo.

Muuzaji alimsogelea, akanong'ona.

"Usimuunge, mama."

"Kwa nini?"

"Mwenzio mmoja alimuunga..."

Mama Gundi akasonya. Yeye na kitu kilichovunjika wakae nyumba moja wakitazamana? Labda fundi mwingine!

Kesho yake akafinyanga kiganja kidogo kama punje ya mahindi. Jioni akakibandika.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Wino mbichi... na kidau kilikuwa kikavu miaka nenda miaka rudi.

Mumewe akaingia kutoka karakana, ameukumbatia mkono wake wa kulia.

"Mke wangu, vidole vimekufa ganzi. Hata randa imenishinda."

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Kong.

Kauri kwa kauri. Mlio huo Mama Gundi aliusikia kila siku ya kazi. Akamshika vidole: baridi, vyeupe, vinateleza. Na weupe ulikuwa unapanda kiganjani.

"Nini hiki?" mumewe akanong'ona.

Kule mezani... kwaru... kwaru...

Kiganja kipya cha askari kilikuwa kinakwaruza ukingo wa kidau.

Mama Gundi aliogopa, tena sana. Lakini hasira zilimpanda haraka kuliko woga. Akanyakua koleo.

"Mwachie mume wangu!"

"Nina barua..." Sauti nyembamba, ya kijana. "Ya mama. Sikuimaliza..."

"Pole, mwanangu. Ila mkono huu ndio unaotulisha. Huupati ng'o!"

Kach!

Kiganja kikadondoka mezani. Mumewe akapiga ukelele, damu ikarudi vidoleni. Akakaa akivikunja na kuvikunjua, machozi yanamtoka.

"Kitupe hicho kitu!"

"Nikitupe, akiokote kiherehere mwingine kama mimi, amuunge tena? Atakaa hapa hapa, nimwone."

Jioni iliyofuata, ingawa askari hakuwa tena na kiganja, harufu ikarudi. Ncha za vidole vya mumewe zikaanza kupauka.

Mama Gundi hakungoja. Akavuta kiti, akashika kalamu, akaichovya kwenye kidau kikavu.

Ikatoka imelowa.

"Haya, sema. Barua yako nitakuandikia mimi. Mkono wangu nakuazima, sikupi. Na wa mume wangu uuache. Tumeelewana?"

Akaiweka ncha juu ya karatasi.

Kisha kalamu ikajivuta yenyewe, kwa mwandiko asioujua. *Mama, mimi ni mzima, usilie...*

Maskini, alikuwa anamdanganya mama yake. Mama Gundi alimwonea huruma, akaiacha kalamu iende. Mumewe, pembeni, aliona rangi ikirudi vidoleni mwake. Karatasi ikajaa.

"Imetosha sasa."

Kalamu haikusimama. Ikatoka kwenye karatasi, ikaendelea juu ya mbao za meza.

"Alaa! Hunijui, eti?"

Kwa mkono wa kushoto akapapasa, akaipata nyundo ya mumewe. Akaiinua juu ya kichwa cha askari.

"Sema 'basi' wewe, au niseme mimi."

Kalamu ikasita. Ikaandika neno moja tu.

*Kesho.*

Vidole vya Mama Gundi vilikuwa vya baridi, na vyeupe kwenye ncha. Alivitazama, akamtazama askari. Nyundo hakuiweka chini.

"Kesho njoo," akasema. "Utanikuta."